Sungura Wawili wa Yamila

Yamila alipohamia Uhispania kutafuta kazi, alimwachia baba yake sungura wawili wa kiume wa uzao mmoja, Tito na Corcho. Walikuwa na miezi miwili, wanalala wamegandana utadhani ni mnyama mmoja. Baba yake, don Aníbal, ni jirani yangu hapa mtaani La Teja. Alifanya kazi machinjioni miaka thelathini, lakini hao aliwakatia karoti vipandevipande na kuwasemesha kama wajukuu.

Walipofikisha miezi mitano, mambo yakageuka. Wakaanza kurusha mkojo ukutani na kwenye kochi, kupandana, kumzunguka mzee miguuni huku wakiguna. Harufu ilinifikia mpaka kwangu. Nikamsihi awapeleke kwa daktari wa mifugo.

Daktari Lourdes hakuzungusha maneno. "Mzee wangu, hawa wamebalehe. Si ukorofi, ni homoni. Tuwahasi wote wawili, na kwa sasa uwatenge. Ukichelewa watararuana."

Jioni mzee alinisimulia barazani, tukipokezana kibuyu cha mate, ile chai yetu chungu ya majani.

"Anataka niwageuze mapadri, Elba!"

"Tena bila hata kuwauliza kama wana wito," nikamjibu, tukacheka wote.

Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

"Dume halikatwi," akasema. "Wataelewana tu, ni ndugu."

Wiki tatu baadaye, Jumapili asubuhi, nikamsikia ananiita kwa sauti nisiyoijua. Nilimkuta amepiga magoti jikoni, manyoya yametapakaa sakafu nzima. Corcho alikuwa amejibana nyuma ya jiko, jicho la kushoto limepasuka, mfuko wa korodani umechanika. Tito alikuwa juu ya gunia la viazi, anahema. Mikono ya mzee ilikuwa inavuja damu, alijaribu kuwaamua.

"Nimechinja maisha yangu yote," akaniambia, "sijawahi kuionea damu haya. Hii naionea haya."

Tukamfunga Corcho kwenye taulo tukakimbia naye. Lourdes hakumlaumu mzee hata kwa neno moja. Nadhani angemlaumu angempa nafuu. Corcho alitolewa jicho na kuhasiwa siku hiyohiyo. Tito alihasiwa Alhamisi.

Ikabaki kumwambia Yamila. Mzee alinitaka nikae naye, akapiga simu na kuiweka kwenye spika.

"Binti yangu, nimekosa. Niliambiwa nikapuuza. Nilikuwa naona aibu mimi, si wao."

Yamila akauliza, "Anakula?"

"Ameanza jana. Majani kidogo."

"Mbona hukunipigia mapema, baba? Tungebishana, lakini ungeenda."

"Ningeenda," akasema mzee, akanipa simu mimi, akatoka nje.

Lourdes alikuwa ametuonya kwamba homoni haziishi siku ya kisu. Hubaki mwilini wiki kadhaa. Kwa hiyo mzee akagawa sebule kwa waya, kila mmoja na bakuli lake na sanduku lake la choo. Kila asubuhi aliwabadilishia matandiko, ya huyu kwa yule, ili wazoeane harufu. Wiki ya tano mkojo ukutani ukakoma. Tito akaacha kuguna, akawa anajilaza miguuni pa mzee.

Wiki ya nane tukawakutanisha bafuni kwangu, mahali ambapo si pa yeyote kati yao. Mzee alikaa sakafuni amevaa glovu nene. Tito alisogea polepole, kichwa chini, bila ubaya wowote. Corcho akarudi kinyumenyume mpaka ukutani, akatetemeka mwili mzima, akajikojolea.

Tulijaribu mara sita, siku tofauti. Tito hakung'ata tena. Corcho hakuacha kutetemeka.

"Inatosha," akasema don Aníbal. "Aliyeumia ni yeye. Mimi ni nani hata nimlazimishe?"

Tito nikamchukua mimi. Ni mwaka sasa, na sijaona kiumbe mpole kama yeye. Mzee huja kila alasiri kumkuna masikio. Akimaliza, hunawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, na siku nyingine hubadilisha hata shati, ili akirudi kwake Corcho asisikie harufu ya ndugu yake.