Ubongo wa Panya wa Kumi na Mbili

Kila Oktoba, saa nne asubuhi, wafanyakazi wa maabara ya Profesa Tatebayashi mjini Kanazawa husimama mbele ya jiwe lililo nyuma ya banda la wanyama. Huweka maua meupe, huwasha ubani, huinamisha vichwa. Panya waliokufa mwaka huo huja kusikiliza, hula punje walizowekewa, kisha huondoka.

Mwaka huu waliondoka kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alimfuata Mizuho Kinugawa, fundi wa maabara, hadi ghorofa ya tatu.

"Dada, umepata mchumba," alisema Sugimori, mwanafunzi wa uzamivu.

"Angalau huyu anajua kunyamaza."

Mizuho alimtambua kwa kibati cha namba sikioni. Ni Mizuho aliyekata bongo za panya wote kumi na wawili, vipande vyembamba kuliko unywele. Mashine ilipiga kila kipande kwa leza, nukta kwa nukta, ikachora ramani ya protini zilizovaa sukari: sukari za saratani kwa rangi nyekundu, nyingine kwa buluu. Kwa panya kumi na mmoja, nyekundu iliishia pale uvimbe wa saratani ulipoishia. Profesa alitaka kuwaambia madaktari wa upasuaji, katika makala yake, kwamba mpaka ni huo, wakate hapo. Kwa wa kumi na mbili, nyekundu ilivuka mpaka ikaenda mbali, mahali ambapo jicho liliona ubongo wenye afya.

Mwezi Aprili, kwenye daftari la maabara, Profesa aliandika: "Ameondolewa. Mkono wa mkataji uliteleza."

Haukuteleza. Mizuho alikuwa na hakika, ila siku ile alilirudisha daftari rafuni.

Panya alipanda mezani, akalala kifudifudi, akasubiri. Ubongo wake ulikuwa umerudi kichwani, mzima. Mizuho akauomba, akaugandisha, akaukata upya. Panya mwenyewe alikaa kando ya birika akiota joto. Safari hii Mizuho alimwita Profesa asimame hapo hapo aangalie.

Ramani ikatoka. Nyekundu ilivuka mpaka vilevile.

"Mwalimu, kipande hiki kina kasoro?"

Profesa akavua miwani, akaivaa tena. "Hakina. Mkono wako hauna doa, Bi Kinugawa."

"Na kile cha Aprili?"

"Vinafanana."

"Basi naomba mstari ule ufutwe, na panya arudi kwenye makala."

"Makala imeshapita kwa wahakiki. Tukimrudisha huyu, hatuna mpaka wa kuwaonyesha madaktari." Akamgeukia panya, akainama sana. "Samahani kwa usumbufu. Umetoka mbali."

Panya naye akainama.

Mizuho hakubishana. Alichukua daftari, na chini ya maneno ya Profesa akaandika kwa wino: "Haukuteleza. Nimekata mara mbili. Kinugawa." Profesa alimtazama akiandika, hakumzuia.

Makala ilitoka Januari, ikiwa na panya kumi na mmoja na mpaka ulionyooka vizuri. Madaktari wa miji mitatu waliandika kuomba nakala. Profesa alinunua keki ya stroberi, akaiweka katikati ya meza, akashika kisu.

"Tuko saba, Mwalimu," alisema Sugimori.

"Wanane," Profesa akamsahihisha, akamkatia panya, aliyekuwa bado kando ya birika, kipande cha kwanza.