Mimbari ya Besi

Nthenya, mpiga gitaa la besi katika kanisa dogo la mabati kule Uthiru, alikuwa amechoka. Kila akigusa uzi mnene, kijisanduku cha zamani cha spika kilitoa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Basi siku moja akitoka kazini mjini alipitia barabara ya Luthuli, penye maduka ya vyombo vya sauti, akanunua spika mpya ya inchi kumi na tano, akaipeleka kwa fundi Ogutu pale Kinoo aiundie sanduku.

"Dada, besi ni kama mtu mnene," Ogutu alisema. "Ukimbana hapumui. Hii inataka sanduku linalofika kifuani mwangu, upana hivi," akatanua mikono, "na tundu hapa chini la kutolea hewa."

"Jukwaani hakuna nafasi, fundi. Kuna ngoma, kinanda, viti vya wazee na mimbari."

"Basi toeni wazee."

Kamati ikakaa. Mzee Mwangangi, mwenyekiti, alitaka sanduku jembamba na refu kama kabati la vyombo. Nthenya akasema litajiangusha lenyewe. Peres, kiongozi wa kina mama ambaye wote humwita Mama Fidel, alitaka la duara, maana pembe huchana mavazi ya kwaya. Hapo Pasta Muthama, ambaye mimbari yake ilikuwa imeliwa na mchwa, akakohoa kwa upole.

"Kifuani mwa Ogutu," akauliza, "si ndicho kimo cha mimbari?"

Wakatazamana. Ogutu akaunda kwa plaiwudi kitu kimoja cha kazi mbili: mbele wavu mweusi wenye msalaba, juu kibao kilichoinama cha kuwekea Biblia. Nthenya alipokijaribu, sauti ilishuka sakafuni ikampanda miguuni. Nusura alie kwa furaha.

Jumapili Pasta alihubiri toba, akiegemea mimbari kwa viwiko vyote viwili kama kawaida yake. Wakati wa maombi ya mwisho, Nthenya akamsindikiza polepole kwa uzi mnene.

"Ndu-u-u-gu za-a-a-ngu," Pasta akasema. Mashavu yalimtikisika, miwani ikateleza puani. Waumini wakaduwaa. Pasta wao, aliyehubiri kama anayesoma matangazo, analia! Mama mmoja akaangua kilio, wengine wakadakia. Nthenya, akidhani Roho ameshuka, akazidisha nguvu.

Mama Fidel akakimbia mbele, akapiga magoti. "Sufuria kubwa ya kanisa niliichukua mimi! Iko kwangu tangu harusi ya Valarie! Tunaogea!"

Baada ya ibada Pasta alimwita Nthenya kwenye mimbari. "Weka kiwiko hapa," akasema, kisha mwenyewe akagusa uzi wa gitaa. Meno ya Nthenya yakagongana. Alitaka kucheka, lakini akayaona macho ya Pasta.

"Miaka yote hii sijawahi kumliza mtu," Pasta akasema. "Leo nimewaliza, kumbe ni plaiwudi."

"Tunyamaze tu, Pasta. Hakuna anayejua."

Pasta akasugua kiwiko. "Na mahubiri yenyewe yalikuwa ya toba!"

Jumapili iliyofuata akasimama mbali na mimbari, akawaeleza yote. Kisha Mzee Mwangangi akachekea puani, na kanisa zima likalipuka, watu wakafuta machozi mengi kuliko ya juma lililopita. Pasta naye akacheka mpaka akatafuta kiti.

Mama Fidel peke yake hakucheka. Akainuka. "Kama hakuwa Roho, Pasta, basi ungamo langu lifutwe."

"Na sufuria?"

"Nimeisugua. Iko jikoni mwa kanisa." Akaketi kwa kishindo.

Siku hizi Pasta Muthama huhubiri akitembea katikati ya viti, mikono huru, na watu husema amekuwa mhubiri mtamu. Nthenya husikiliza huku amelaza gitaa mapajani, asiguse uzi hata mmoja mpaka asikie amina.