Simba wa Pili wa Lango la Ngome

Mama Zaydan, jirani yetu, anadai ngome ya kilimani haikutekwa na jeshi la sultani. Ilitekwa na tini mbichi. Wale Wazungu wa misalaba waliozingirwa humo waliishiwa chakula, wakauvamia mtini wa uani, na kulipokucha walinzi wote walikuwa wamechuchumaa nyuma ya ukuta, lango liko wazi. Sultani akaingia ameziba pua.

Baada yake likaja tetemeko, halafu mbuzi. Kilichobaki walikimaliza babu zetu. Hapa kijijini hakuna nyumba isiyo na jiwe la ngome. Hata simba wawili waliochongwa langoni waliteremshwa. Mmoja yuko juu ya mlango wetu, amebeba ukuta wote wa mbele. Mwenzake yuko chooni kwa Mama Zaydan. Hajabeba kitu, anakanyagwa tu.

Leo akaja Bwana Iyad wa idara ya mambo ya kale, anataka simba mmoja wa kupeleka makumbusho. Mama Zaydan akamketisha sebuleni kwake, akamwonyesha mlango wetu kupitia dirishani.

“Ni yule tu, mwanangu. Wa pili labda walimla.”

Simba wetu akiondoka, ukuta unamfuata, na mimi na mama tunahamia kwa mbuzi. Lakini kumchongea jirani kwa serikali, kwetu ni aibu ya kufa nayo. Nikashika birika la kahawa nimhudumie mgeni, maana Mama Zaydan magoti yanamsumbua.

Kwetu mgeni akitosheka hutikisa kikombe. Asipotikisa, anaongezwa. Bwana Iyad amekulia Kanada.

“Asante dada, inatosha.”

Nikamimina. Akanywa kwa adabu. Nikamimina tena, na maji ya kushushia.

“Shatha,” Mama Zaydan akaninong'oneza, “utampasua mtoto wa watu!”

“Si hajatikisa, mama? Mwambie wewe.”

Akanikata jicho. Mwenye nyumba kumwambia mgeni atikise ni sawa na kumfukuza, na Mama Zaydan hajafukuza mgeni tangu aolewe.

Bwana Iyad akakunja mguu wa kulia, akakunja wa kushoto. Jasho likamtoka. Mwishowe akasimama, magoti yamebanana.

“Mama, samahani sana. Naomba unionyeshe choo.”

Mama Zaydan akanitazama. Mimi nikatazama birika.