Vidonge vya Zita

"Cheti cha dawa kina jina la Zita, mama, siyo la—"

"Jina lake sawa, ila nyumba ni ya—"

"—siyo la ukoo mzima."

"—nyumba ni yangu, we Edith, na humu hakuna anayekula peke yake."

Edith na mama yake, Fransiska, walikuwa shambani Kasense, wananyang'anyana pakiti ya vidonge juu ya kichwa cha Zita. Zita, mke wa Isdori na mkwe wa nyumba hiyo, hakuinua shingo. Alikuwa amezama hadi magotini kwenye tuta la mahindi, ameegemea jembe, anasubiri wamalize.

Alianza kuzama tangu mwanawe Timoth afariki. Mtoto alishikwa homa, Isdori akasema hospitali wataenda wakishapura maharage. Maharage yakaisha, na mtoto naye. Kuanzia msibani, Zita akisimama kidogo tu miguu inaingia ardhini. Kila jioni walimng'oa kwa maksai, huku wakinung'unika kwamba anawachosha ng'ombe.

Edith, wifi yake, ndiye aliyemtafutia daktari wa afya ya akili mtandaoni. Aliweka bando, akachuchumaa pembeni ya tuta, akamshikia simu. Dokta Lydia, aliyekuwa Dar es Salaam, alimwona kuanzia kifuani kwenda juu. Akamuuliza habari za usingizi, za kula, za kulia. Akasema hiyo ni sonona na inatibika. Akatuma cheti, Edith akaenda nacho mjini, duka la dawa. Hata kabla ya kumeza, Zita akaanza kutaka kitu: atembee kwa miguu yake mpaka kaburini kwa Timoth. Alikuwa hajafika huko tangu mazishi, maana kila akijaribu anakwama njiani.

Ugomvi wa ile pakiti Fransiska akashinda. Kwake mtu kula peke yake ni uchawi. Kinachoingia nyumbani ni cha wote, kama pombe ya ulezi, chungu kimoja na kila mtu na mrija wake. Akameza yeye, akameza Isdori, mzee Marselino, jirani, naye akapewa kwa kuwa alipita kusalimia. Zita akaambiwa angoje, wakubwa kwanza. Edith alikikataa cha kwake, akalia kidogo, halafu akameza, maana mama alikuwa anamwangalia.

Ikawa hivyo kila asubuhi, na pakiti ikiisha Edith anatumwa mjini kununua nyingine. Dokta alishasema vidonge huchukua wiki kadhaa, na kweli, baada ya wiki kadhaa wakaanza kupaa. Mzee Marselino hakufungwa kamba, upepo ukamchukua. Akapiga simu kutoka Muze, kule bondeni, kwamba amefika salama, ila kuna joto. Wengine wakajifunga kamba, na kigingi kilichofaa kilikuwa kimoja tu, mabega ya Zita. Jioni hawakumng'oa tena, na alikuwa ameshazama hadi kiunoni. Isdori akielea juu yake alipiga miluzi, na habari za maharage hazikumuuma tena.

"We Zita, usitingishike," Fransiska alimwambia kutoka juu. "Kamba zikiyumba, chakula kinatuvuruga tumbo."

Siku ya dokta kupiga tena, Edith alishuka kwa kujivuta kwenye kamba, akamshikia wifi yake simu, kichwa chini miguu juu.

"Dada Zita, unajisikiaje?"

"Sijameza hata kimoja, dokta. Wamemeza wao."

Dokta Lydia akaziangalia zile kamba mabegani mwa Zita. Akaandika kitu. Akasema hakuna shida, atatuma cheti kingine, vidonge vikabidhiwe mkononi mwa Zita mwenyewe, na akimeza vizuri atapata nafuu.

Zita akageuza uso upande wa kaburi. Udongo ukapasuka kiunoni mwake, akapanda kama upana wa kidole. Juu, Isdori aliacha miluzi. Fransiska alikuwa ameshafungua mdomo kubisha, lakini Edith akamtangulia.

"Samahani, dokta," alisema, kwa sauti ileile aliyombembelezea Zita msibani. "Hicho cheti acha kwanza. Kama ipo, tuandikie dawa ya kumwongezea huzuni wifi yangu. Kamba zinalegea."