Bakuli la Mgeni wa Kwanza

Wanasema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nayo, na jina lake Mwantumu. Binti kaajiriwa juzi tu, kauchukua msimbo niliouandikia kompyuta kwa lugha ya Python, ule wa kuchapa orodha ya dawa za kila mgonjwa wa zahanati, kauandika upya. Wangu ulijaza skrini ukamwagika. Wake mistari michache, unasomeka kama mtu anayekuelekeza njia. Bosi wetu, Mama Shekalaghe, akausoma mbele za watu, akasema, "Aa, sasa hii ndiyo Python." Hii ndiyo! Na yangu ilikuwa nini, matope? Lakini kwetu msimbo hauingii kazini mpaka mwenzako aukague, na mkaguzi wa Mwantumu nilikuwa mimi. Kesho zahanati inaanza kuutumia msimbo; nikiukataa wake, utatumika wangu. Nikaandika: "Nimekataa. Nenda kajifunze kwanza." Kabla sijatuma, joto la mchana na ugali vikanielemea, nikalaza kichwa mezani.

Nikajiona katika mji nisioujua, na kijibwana mwembamba kanishika kiwiko kama rafiki wa utotoni. "Mimi Kijicho," akasema. "Njoo uone watu wanavyojidai." Akanipitisha kwenye nyumba nyeupe, mlango mmoja, kila chumba kimeandikwa jina lake: hapa wagonjwa, hapa dawa. Kizingitini mwanamke wa makamo alikuwa akichambua mchele. "Huyo ndiye Unyofu," Kijicho akaninong'oneza. Wallahi nilimchukia papo hapo. Hakunikosea lolote, ila kila aliyeingia kwake alitoka bila kuuliza njia, na mimi nikatamani nyumba ile iungue.

"Sasa twende kwako," akasema Kijicho. Loo, jumba! Ngazi juu ya ngazi, milango imeandikwa x, na y, na x tena. Mpokea wageni, Bwana Ujuaji, alivaa koti zito juani, akiwahesabu watu kwa kidole badala ya kuwakaribisha tu, akikosea anaanza upya. Nyuma yake msichana aitwaye Funika alisukumia chini ya mkeka kila kilichovunjika, akisema, "Hamna kitu hapa." Nikavimba kichwa. Kile kibanda cha Unyofu kitafua dafu kwa hili?

Wagonjwa wakaanza kuingia. Asiyekuja na bakuli lake, Ujuaji alimpa la nyumba, nalo lilikuwa moja tu, lililowekwa pale siku jumba lilipojengwa, wala halioshwi. Mzee mmoja akatiliwa dawa zake, akanywa, akabakisha. Akafuata mama mjamzito. Bakuli lile lile! Dawa zake zikamiminwa juu ya masalia ya mzee.

"Mama, usinywe!" nilitaka kupiga kelele, Kijicho akaniziba mdomo. "Nyamaza. Ukisema, watajua jumba ni lako." Nikageuka, nikamwona Unyofu mlangoni. Hakupaza sauti. "Mwanangu," akasema, "sikujenga ili nikushinde. Nilijenga wazi ili kosa likiingia lionekane, na kwangu kila mgeni hutolewa bakuli jipya. Kutwa umetazama kuta zangu. Mtazame huyo mama." Nikafurukuta, Kijicho akakaza mkono, na mama akainua bakuli mdomoni.

Nikazinduka, shavu limechapwa vitufe vya kibodi. Ujumbe wangu ulikuwa bado haujatumwa. Nikaufungua tena msimbo wa Mwantumu, safari hii nikausoma kweli. Pale mimi nilipotengeneza orodha tupu ya dawa mara moja tu, ikatumiwa na kila mgonjwa asiyekuwa na yake, yeye alitengeneza mpya kwa kila mmoja. Bakuli! Kwangu dawa za mgonjwa mmoja zingechapwa kwenye orodha ya mwingine.

"Kaka Sempombe, umeamka?" Mwantumu akauliza kutoka meza ya pili. "Umeshanikagua?"

"Mwantumu, hili kosa langu uliliona. Mbona hukulisema mbele ya Mama Shekalaghe?"

"Nikuaibishe, kaka? Nilijua ukikaa kukagua utaliona mwenyewe."

Nikafuta niliyoyaandika, nikaukubali msimbo wake. Sasa mtaniuliza, wivu umekwisha? Thubutu! Umezidi. Ile mistari yake nitajifunza, Mungu akipenda. Lakini mimi, ningeliona kosa lile kwake, ningelitangaza mpaka kwa mlinzi wa getini.