Rangi ya Kwanza ya Peugeot

Souleymane alipoileta Peugeot 404 katika karakana ya Gracien, huko Shituru, mjini Likasi, alitaka jambo moja tu: irudi kwenye rangi iliyotoka nayo kiwandani. Baba yake, mzee Dunia, alikuwa hoi kitandani, na gari hilo aliliulizia kuliko dawa zake.

“Minye nataka aione vile ilikuwa mupya,” alisema Souleymane, muuza vitenge sokoni. “Ni yeye alisema niilete kwako. Utaweza, papa Gracien?”

“Nitaweza. Lakini unipe siku.”

Gracien alikuwa na miaka ishirini katika kazi ya kupaka magari rangi, na alijua kwamba rangi ya kwanza hutafutwa mahali ambapo jua halifiki. Akasugua kwa msasa uliolowa nyuma ya kifuniko cha tangi. Nyeupe ikaondoka, chini yake ikatokea nyekundu, na chini kabisa kijivu kinachoelekea buluu. Peugeot za rangi ile zilikuwa nyingi zamani, akajiambia, akaendelea kusugua.

Kesho yake akafungua kifuniko cha kisanduku cha mbele, pale abiria anapoweka karatasi, ili akipake peke yake. Upande wa ndani palikuwa na maandishi yaliyokwaruzwa kwa msumari: GRACIEN, na chini yake KABEDI, herufi D ikiwa imegeuzwa kinyume. Akakaa chini, palepale kwenye sakafu yenye mafuta.

Mwaka 1992, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi, yeye alikuwa na miaka tisa. Familia yake ililala wiki nyingi kituoni ikingoja treni. Siku moja baba yake, Mbuyamba, aliondoka na gari lao, hilohilo la kijivu, akarudi kwa miguu, na hakusema ameliacha wapi. Alifia ndani ya behewa kabla hawajafika Mwene-Ditu. Wakamzika kando ya reli, treni ikiwa imesimama.

Siku tatu Gracien alichanganya rangi: kijivu, buluu kidogo, tone la nyeusi. Kila mchanganyiko aliupuliza kwenye kipande cha bati, akaacha kikauke kwa kuwa rangi mbichi hudanganya, kisha akakilaza penye kile kijivu cha zamani, juani na kivulini. Sita vilikataa. Cha saba kikapotea kabisa ndani ya kijivu kile, hata hakuona bati linaishia wapi. Siku nyingine angepiga mluzi. Siku ile alitazama chupa ya tina ya kuzimulia rangi, akafikiri jinsi gari lingewaka upesi. Mwishowe akampigia Souleymane aje.

Souleymane aliyasoma yale majina mara mbili.

“Kabedi ni dada yangu,” Gracien alisema. “Iko Mwene-Ditu. Gari hii ilikuwa ya baba yetu.”

“Baba yangu haiko mwizi.”

“Sijasema vile. Twende tumuulize.”

Mzee Dunia hakuhitaji kuambiwa. Alimtazama Gracien mlangoni, akasema, “Weye ni mutoto ya Mbuyamba.” Kisha maneno yakamtoka polepole. “Alinipatia funguo hapa ku nyumba yangu. Akasema, unichungie gari, nitairudia. Nilingoja miaka mbili. Batu wakaanza kuuliza, nikaogopa, nikaipaka nyekundu, miaka ingine nyeupe. Kiisha nikazoea kusema ni yangu.”

“Ulijua nilirudi huku?”

“Nilijua. Nilikuona mara nyingi sokoni. Nilikuwa nakata njia, usinione.”

Souleymane akamgeukia baba yake. “Ndiyo maana ulisema niipeleke kwa huyu, si kwa mwingine?”

Mzee akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Gracien alikuwa amekuja na maneno mengi ya kumtupia. Swali moja tu ndilo lililotoka. “Baba alisema nini tena siku ile?”

“Alisema breki ya kushoto inavuta. Niendeshe polepole.”

Gracien akatoka nje bila kuaga. Alitembea mpaka relini, akasimama huko akilia.

Siku nane baadaye mzee Dunia alifariki. Baada ya matanga Souleymane alifika karakana, akamwekea Gracien karatasi za gari mkononi. Hawakubishana. “Naomba musamaha kwa niaba yake,” alisema. Gracien alimjibu kwamba kwa leo hajaweza, na Souleymane akasema ameelewa.

Kazi aliimaliza hata hivyo. Alipuliza mikono mitatu ya rangi, akifuta vumbi kati ya mmoja na mwingine, mpaka bodi yote ikawa kijivu kilekile. Kisha akampigia dada yake, akamsimulia yote.

“Usinitumie picha,” Kabedi akasema. “Si sasa.”

Wapo wanaopita karakana na kuuliza kama Peugeot ile inauzwa. Gracien huwajibu hapana, akarudi kwenye kazi yake. Yeye mwenyewe bado hajaiendesha kupita geti.