Mikono Iliyosafiri Hadi Hua Hin

Siku ya kwanza ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai, saa nne asubuhi, Wilaiwan alisimama ufukweni Hua Hin mbele ya ubao wa huduma akishindwa kuchagua. Kulikuwa na kukandwa kwa mafuta ya nazi, kukandwa kwa vifurushi vya majani ya moto, kusuguliwa chumvi, na kukandwa miguu tu. Mwenye kibanda, mwanamke mnene aitwaye Bunsi, hakumharakisha. Aliendelea kukunja taulo.

Wilaiwan alifanya kazi katika kampuni ya bima Bangkok. Sikukuu hii kila mtu hurudi kwao, na kwao ni Roi Et, safari ya basi ya usiku kucha. Alikuwa amemwambia Somjit, mdogo wake anayeishi na mama yao, kwamba kazini wamemnyima likizo. Huu ulikuwa mwaka wa tatu kusema hivyo.

Alichagua mafuta ya nazi, akavua blauzi, akalala kifudifudi mkekani.

Mikono iliyoshuka mgongoni mwake haikuwa ya Bunsi. Ilikuwa ya mama yake. Aliitambua kabla haijafika kiunoni: mikavu, myepesi, gumba la kulia halina ukucha. Ukucha ule uling'olewa na mchi, enzi mama alipokuwa akitwanga kachumbari ya papai bichi ya kuuza kituo cha mabasi tangu alfajiri ili Wilaiwan amalize chuo. Mikono ilikwenda moja kwa moja chini ya bega la kushoto, pale alipoumia alipoanguka na baiskeli akiwa na miaka tisa, ikapatuliza.

"Hii mikono ni ya mama yangu," alisema, uso ukiwa kwenye taulo.

"Ndiyo," alisema Bunsi. "Imefika asubuhi. Ya kwangu nimeipumzisha pale."

Wilaiwan aligeuza shingo. Mikono ya Bunsi, minene, yenye bangili ya uzi mweupe, ilikuwa ndani ya beseni chini ya meza, mmoja umelala juu ya mwingine. Bunsi alieleza kwamba sikukuu hii hutokea hivyo, hasa kwa wageni wa Bangkok. Mwaka jana meneja mmoja alikandwa na mikono ya baba yake mkulima wa mpunga, ikamchubua mgongo mzima. Hakulalamika. Aliomba tu asikandwe upande wa moyo.

Simu ikaita. Alikuwa Somjit. Wilaiwan akapokea akiwa amelala vilevile.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Ila mikono haipo tangu asubuhi, uji nimemlisha mimi. Watoto wamekuja na maji ya yasmini kumwagia viganjani waombe radhi za mwaka mpya, wakakuta mikono ya blauzi inaning'inia tu. Basi wamemwagia magotini."

"Mmeitafuta?"

"Kasema tusiitafute, imekwenda kazini." Kisha Somjit akauliza, "Hawakukupa hata nusu siku, dada?"

"Hawakunipa. Kazi imebana."

"Mbona nasikia kama mawimbi?"

"Kiyoyozi hicho, kibovu."

Mikono haikusimama. Ilikuwa imefika shingoni. Bunsi alitazama baharini kama mtu aliyezoea kutosikia simu za watu.

Simu ilipokatika, Bunsi alimwonyesha Wilaiwan kwa kidevu bakuli la maji yenye maua ya yasmini, aliloliandaa kwa ajili ya shangazi yake.

"Maji hayo hapo, na viganja vyenyewe hivi hapa," alisema. "Inuka umwagie, mdogo wangu, uombe radhi. Ni dakika moja tu."

Wilaiwan alilitazama bakuli. Ingebidi ainuke, apige magoti mchangani, aseme anaomba radhi ya nini. Masikio yalimwaka kwa aibu. Lakini gumba lisilo na ukucha lilikuwa ndiyo kwanza limelipata fundo la shingo lililomsumbua tangu mwaka uliopita, nalo fundo lilikuwa linaanza kuachia.

"Tumalize kwanza, dada," alisema. "Nitamwagia mwishoni."

Akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu alipoondoka nyumbani.

Alipoamka, mikono iliyokuwa ikimfuta mafuta ilikuwa minene. Bakuli lilikuwa palepale, maua yamesogea upande mmoja.

"Imeshaondoka," alisema Bunsi. "Ilikungoja kwanza. Ilikaa hapo pembeni ya mkeka, viganja juu. Nilitaka kukuamsha, ikakataa."

Saa kumi na mbili jioni Somjit alipiga tena. Mikono ilikuwa imerudi, alisema, inanukia mafuta ya nazi, na inatetemeka kwa uchovu hata kijiko hakishikiki. Angemlisha tena usiku huo. Halafu akasema mama anauliza kama Wilaiwan alilala vizuri.

"Mwambie nililala vizuri," alisema Wilaiwan.

Somjit hakuuliza alilala wapi. Alisema atamwambia, akaaga.

Wilaiwan alikaa kitandani hotelini kwa muda, akiinamisha shingo huku na huku. Haikuuma popote. Kisha akavaa kandambili, akateremka ufukweni haraka kabla Bunsi hajafunga, akamwomba amwekee nafasi kesho, saa nne, kwa muda wa saa mbili nzima.